Mtoto wa miaka 3 mpaka 6: namna ya kumfundisha nyumbani kwa visoda, maharage na unga

Shule zikifunga tu maswali yanaanza, na hata zikiwa zimefunguliwa hayaishi. Nianze na nini? Ninunue vitabu gani? Mbona wangu hakai hata dakika tano? Mbona mtoto wa jirani anaandika jina lake na wangu bado anachora mistari tu? Mi nafundisha watoto wa awali na nina wangu pia nyumbani, kwaiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja, hatua kwa hatua, ukisoma leo usiku kesho asubuhi unaanza.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaenda mbele: mkono kwanza, daftari baadae. Mtoto wa miaka minne ukimpa penseli na daftari ajaze herufi "a" ukurasa mzima unampa kazi ambayo vidole vyake havijaiweza na wala hajui ni ya nini, atalia, utagomba, na kesho akiliona hilo daftari anakimbilia nje. Huyohuyo ukimpa maharage, visoda, unga na maji atakaa, atauliza maswali mpaka uchoke, alafu daftari likija baadae analiona jepesi. Na hamna haja ya kununua mamidoli ya kujifunzia ya bei mbaya, karibu kila kitu nitakachotaja hapa kipo jikoni kwako au kwa mangi hapo nje.

Vitu vya kuandaa

Tafuta boksi moja au mfuko wa kitenge uwe wa hivi vitu tu, visichanganyike na vya kupikia.

- Visoda kama 30. Muombe muuza duka akuwekee. Vioshe kwa maji ya moto na sabuni, alafu pitisha kidole kwenye kingo, chenye ncha kali tupa au kigonge na nyundo. Ukiona usumbufu tumia vifuniko vya plastiki vya chupa za maji.
- Trei tupu la mayai, lile la karatasi la mayai 30.
- Kikombe kimoja cha maharage, kimoja cha mahindi, na choroko au kunde.
- Njiti za fagio la chelewa, zikate za urefu wa kidole, 30 au zaidi. Njiti za kiberiti hapana, zile kichwani zina dawa na mtoto ataweka mdomoni.
- Raba bendi, za kufungia noti zinatosha.
- Sinia na mchanga mkavu uliochekechwa. Kama mchanga wa mtaani kwenu una paka na mbwa weka unga wa sembe.
- Unga wa ngano, chumvi laini, mafuta ya kula.
- Beseni, vikombe viwili, kijiko kikubwa.
- Vibanio vya nguo, kamba ya kiatu, maka peni, maboksi ya kukata.
- Glasi au chupa inayoonyesha ndani, na pamba.

Ukikosa kimoja usisubiri, anza na ulichonacho.

Haya ya usalama soma kabla hujamuita mtoto

Maharage, mahindi na visoda ni vitu vya kukaba koo, na watoto wanapenda sana kuviingiza puani na masikioni. Mtoto chini ya miaka 3 hivi vidogo asipewe kabisa, na kama una mkubwa na mdogo nyumba moja basi mkubwa achezee mezani, au mdogo akiwa amelala. Ukimaliza hesabu vitu vyako virudi vyote kwenye boksi.

Maji, hata yakiwa kidogo kwenye beseni au ndoo, usimuache mtoto nayo peke yake hata dakika ya kwenda kupokea simu. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo. Ukimaliza mwaga hapohapo.

Maharage mabichi hayaliwi, yanachafua tumbo vibaya, mwambie kabisa. Na mbegu za duka la pembejeo, zile zilizopakwa rangi ya pinki au bluu, zina dawa ya wadudu, usizilete kwenye mchezo hata za kupanda. Tumia maharage ya kula.

Muda: dakika 10 mpaka 15 zinatosha, mara moja au mbili kwa siku. Chagua saa ambayo ameshiba na hana usingizi, kwa wengi ni baada ya chai ya asubuhi, au jioni jua likipoa. Simu yako weka mbali na wewe pia.

Sasa hatua zenyewe

Zifuate kwa mpangilio. Hatua moja inaweza kuchukua wiki nzima au hata mwezi, sio shida, usizimalize zote Jumamosi moja.

1. Kutenganisha

Changanya kiganja cha maharage, cha mahindi na cha choroko kwenye bakuli moja. Weka vikombe vitatu tupu mbele yake. Chukua harage moja weka kikombe cha kwanza, hindi kikombe cha pili, choroko cha tatu, alafu nyamaza. Usieleze. Atashika mwenyewe, na ukiona amekosea subiri kwanza kwa sababu mara nyingi anajirekebisha akifika katikati.

Akizoea badilisha sheria: vijiko na uma, soksi za baba na za mtoto, visoda kwa rangi, majani ya nje kwa ukubwa. Alafu siku moja muulize, "hivi tunaweza kuvitenganisha namna nyingine?" Hapo ndipo akili inafanya kazi kweli, akigundua kwamba visoda vilevile vinaweza kupangwa kwa rangi na vinaweza kupangwa kwa maandishi.

Vile kuokota harage kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, ndio mkono wenyewe wa kushika penseli. Vibanio vya nguo pia vinafanya kazi hiyohiyo, mpe aanike leso zake kwenye kamba uliyofunga chini usawa wake.

2. Unga wa kuchezea

Huu unapendwa kuliko vyote na maswali yake ni mengi kwaiyo naandika vipimo kamili:

a) Vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha chumvi laini, changanya vikavu kwanza.
b) Tia kijiko 1 cha mezani cha mafuta.
c) Maji ya uvuguvugu, andaa kikombe kimoja lakini usimwage yote. Tia kidogokidogo huku unakanda, mara nyingi hayaishi. Ukande mpaka uache kunata mkononi, kama unga wa chapati.
d) Rangi ukitaka: binzari inatoa njano, maji ya biti yanatoa pinki. Sio lazima.

Mpe akande na nyie, kupima vikombe nako ni hesabu. Alafu msitengeneze maumbo mazuri mnayoyajua nyie, mpe kazi: finyanga nyoka mrefu, sasa nyoka mfupi, sasa mviringo, gawanya sawa kwa watu watatu, kata kwa kijiko. Nyoka mrefu baadae ndio anageuka kuwa herufi s, o, c, u.

Kosa linalojirudia ni maji kuwa mengi, unga ukinata ongeza unga mkavu. Na una chumvi kali, mwambie sio wa kula, akionja kidogo atautema mwenyewe lakini usimuache akaula. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Kwa joto la Dar bila friji siku tatu nne unaanza kuharibika, kwenye friji unaenda wiki na zaidi.

3. Kuhesabu, tena kuhesabu kweli

Hapa naomba nikae kidogo maana ndipo wazazi wengi wanadanganyika. Mtoto anaimba moja, mbili, tatu mpaka hamsini, nyumba nzima inapiga makofi, alafu ukimwekea visoda saba ukamwambia hesabu anafika tisa, au kimoja anakigusa mara mbili na kingine anakiruka. Huyo hajajua kuhesabu bado, ameshika wimbo. Wimbo ni mzuri, uache uendelee, ila kazi yenyewe ni hii:

a) Kata trei la mayai. Lina mistari, kila mstari una vishimo 5 na ipo mistari 6, kwaiyo ukikata mistari miwiliwili unapata vipande vitatu vya vishimo 10. Chukua kimoja.
b) Mwambie aweke kisoda kimoja kila kishimo huku anataja: moja... mbili... tatu. Kishimo kimoja, kisoda kimoja, neno moja. Mkono usitangulie mdomo.
c) Wiki ya kwanza ishia 5, yaani mstari mmoja wa trei. Wazazi wanapenda kukimbilia 20. Usikimbie.
d) Akifika mwisho muulize, "vipo vingapi?" Akianza kuhesabu upya toka moja ujue bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndio jibu. Hesabuni pamoja, alafu wewe sema "vitano!" huku unazungusha mkono juu ya vyote.
e) Sasa vitoe kwenye trei, visogeze karibukaribu, alafu vitawanye mbalimbali, muulize vimeongezeka? Watoto wengi wa miaka minne watakwambia vimeongezeka. Usimcheke na usimwambie amekosea, mwambie hesabu tuone. Rudia siku nyingine, siku nyingine tena, ipo siku atakuangalia kama vile umeuliza swali la ajabu, atasema "si ni vilevile!"
f) Akiwa na 5 kichwani endelea mstari wa pili. Anaona kwa macho kwamba 6 ni mstari mmoja na kimoja, 7 ni mstari na viwili, na kwamba 8 zimebaki nafasi mbili kufika 10. Hiyo ya "zimebaki ngapi" ndio kujumlisha na kutoa, na hujaandika alama yoyote.

Namba zenyewe za kuandika zije mwisho. Andika 1 mpaka 10 kwenye vipande vya boksi, achague kipande, aweke visoda vya idadi hiyo.

Nje ya trei hesabu popote: ngazi, maandazi kwenye sahani, "leta vikombe, tupo watu wanne". Na mdako, ule wa kurusha jiwe juu na kuzoa mengine chini, kwa mtoto wa miaka 6 ni shule kamili ya hesabu na mkono, mfundishe kama unaujua, kama huujui muite bibi.

4. Mafungu ya kumi

Hii ni ya aliyeshika 10 vizuri, wengi ni miaka 5 na kuendelea. Toa njiti za chelewa. Hesabuni 10, fungeni raba bendi, hilo ni fungu. Sasa fungu moja na njiti moja pembeni: "kumi... na moja". Fungu na njiti mbili: "kumi... na mbili". Kiswahili kinatusaidia sana hapa kwa sababu jina la namba linakwambia njiti zipo wapi, mtoto anaisoma mezani.

Atakwama 20. Ishirini, thelathini, arobaini hazisemi chochote kuhusu mbili, tatu wala nne, inabidi azikariri. Kwaiyo mwanzoni muache aseme "makumi mawili" huku anashika mafungu mawili, wewe mjibu "ndio, makumi mawili, ndio ishirini". Yataungana yenyewe. Usimkatishe.

Kosa: kumpa mafungu uliyofunga wewe. Afunge mwenyewe kwa mkono wake, raba bendi ikimshinda mshikie njiti tu.

5. Sauti, silabi, alafu herufi

Anza bila herufi yoyote. Pigeni makofi kwenye majina: ba-ba mawili, ka-ra-nga matatu, ma-a-nda-zi manne, m-to-to matatu. Fanyeni mkiwa njiani, kwenye daladala, mnapooga. Vitendawili pia usiviache. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Yai! Mtoto anayesikiliza sauti za maneno vizuri kusoma kunakuja haraka.

Akikata maneno bila shida endelea hivi:

a) Irabu tano: a, e, i, o, u. Moja kwa siku mbili tatu. Andika kubwa kwa kidole kwenye sinia la mchanga huku unatoa sauti, yeye apitishe kidole juu yake, alafu tikisa sinia ifutike aandike yeye. Mchanga haumhukumu, hamna kufuta na raba mpaka karatasi ichanike.
b) Kama unaweza kupata karatasi ya msasa duka la hadwea, kata herufi ubandike kwenye boksi, apapase kwa vidole. Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alifundisha herufi kwa msasa namna hii, na mpaka leo sijaona njia inayoshinda vidole.
c) Konsonanti chache: mimi naanza na m, k, t, l. Taja sauti yake, "mmm", sio "em". Hapo ndipo wengi wanaharibu, mtoto amefundishwa "em" na "kei" alafu unamtaka asome "mkeka", atazitoa wapi?
d) Unganisha. Andika m kwenye kisoda kimoja (bandika kakaratasi ndani), irabu kwenye visoda vingine vitano. Sogeza m mpaka igongane na a: mmm-a, ma. Igongane na e: me. Mi, mo, mu. Watoto wanapenda kule kugongana, kila vikigongana sauti inatoka.
e) Kwa konsonanti hizo nne na irabu zake tayari anasoma mama, kaka, kuku, kiti, tatu, meli, lala, kula, lima, taka. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, ndio maana mtoto akishika silabi anakimbia. Mtu, mti, mkate na mbwa ziache kwanza, ile m ya mwanzo inasimama peke yake na inawachanganya.

Shuleni kwa Tanzania tangu mtaala wa KKK wa darasa la kwanza na la pili ulipoanza 2015 nguvu kubwa ipo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, kwaiyo haya ya silabi hayapotei, anakutana nayo hukohuko. Mtoto wa shule ya kiingereza pia mfanyie, ila usichanganye siku moja. Leo "a" ya Kiswahili, kesho "a" inaitwa "ei", siku hiyohiyo mjomba anakuja na wimbo wa ABC, mtoto anabaki njia panda. Mi naanza na lugha anayoongea nyumbani.

Na herufi ndogo zitangulie. Herufi kubwa utampa ya jina lake tu kwa kuanzia.

6. Kuelea na kuzama

Jaza beseni nusu. Kusanyeni vitu: kijiko, kisoda, jani, jiwe, kandambili, ndimu, sarafu, kifuniko cha plastiki, kiazi. Kabla ya kutia kila kimoja lazima akisie, "kitaelea au kitazama?" alafu atie. Kukisia ndio somo, kutia maji ni furaha tu. Panga pembeni vilivyoelea huku, vilivyozama kule.

Kisoda kina vituko vyake, ukikiweka taratibu uso juu kinaelea kama mtumbwi, ukikijaza maji kinazama. Muache agundue.

Ukitaka kumshangaza: chungwa na ganda lake linaelea, limenye, linazama. Ganda lina hewa nyingi ndani yake, mwambie hivyo tu inatosha. Na yai bichi zima ambalo halijakaa sana, kwenye glasi ya maji linazama. Litoe, tia vijiko viwili vya mezani vya chumvi, koroga mpaka iyeyuke yote, rudisha yai taratibu. Likizama bado ongeza chumvi. Litapanda. Yai lipikwe baadae, halijaharibika.

Kosa hapa ni mzazi kuwahi kujibu. Akiuliza kwanini, mrudishie, "wewe unaonaje?", asikilizwe mpaka mwisho hata akisema chungwa limeogopa.

7. Kuotesha harage

Loweka maharage usiku mmoja. Asubuhi weka pamba ndani ya glasi, ilowanishe, bana maharage matatu manne kati ya pamba na ukuta wa glasi ili yaonekane kwa nje. Weka dirishani, sio kwenye jua kali la mchana. Kila siku mtoto achungulie na achore anachokiona, mchoro wowote. Ndani ya siku chache utaona mzizi unashuka chini, alafu shina linainuka. Likishakuwa na majani mawili lihamishieni kwenye kopo la udongo lenye matundu chini na kila Jumapili pimeni urefu kwa njiti au kwa visoda.

Maji mengi yanaozesha. Pamba iwe mbichi tu, maji yasituame chini. Kijiko kimoja cha chai kwa siku kinatosha, na hicho kijiko ni kazi ya mtoto.

8. Kazi za nyumbani zenyewe

Wakati mwingine huna muda wa kupanga chochote, na siku hizo sio za kupoteza. Kumenya yai la kuchemsha, kuchambua mchele na wewe, kumimina maji kutoka kikombe kwenda kikombe bila kumwaga, kupanga vijiko, kufunga vifungo vya shati, kuoanisha soksi, kukunja kanga ndogo pembe kwa pembe (hapo umempa na pembetatu). Mpe kikombe kidogo cha kweli, kitambaa cha kufutia pembeni, akimwaga afute mwenyewe. Itachukua muda mrefu kuliko ungefanya wewe, najua, lakini mfanyie hata kimoja kwa siku.

Ikigoma

Hakai, anakimbia baada ya dakika mbili. Angalia kwanza kama ana njaa au usingizi. Alafu punguza: sio vikundi vitatu, viwili. Sio maharage mengi, kiganja. Na kaa chini na wewe, mkekani, mtoto hakai kama mzazi amesimama juu yake. Akikaa dakika tatu leo, ishia hapo kabla hajachoka, kesho atakuja mwenyewe.

Anatupa vitu. Mara moja mwambie kwa upole "visoda vinakaa mezani". Akirudia kusanya vyote, weka boksi juu bila kugomba wala kumchapa, jioni au kesho mrudishie. Mtoto anayetupatupa sana mara nyingi anataka mwili ufanye kazi, kwaiyo mtoe nje kwanza arushe mpira kwenye ndoo, kila unaoingia muhesabu.

Anaandika namba na herufi kinyume, anachanganya b na d. Kwa umri huu ni kawaida, wengine mpaka miaka 7. Fundisha b iishe kabisa ndio ulete d wiki nyingi baadae, usiziweke pamoja.

Anatumia mkono wa kushoto. Muache. Usimfunge, usimpige, usimbadilishe. Weka sinia upande wa kushoto basi, ila kula kwa mkono gani mfundishe kwa utaratibu wa nyumbani kwenu bila kulichanganya na kuandika.

Anakariri tu, hafikiri. Badilisha vitu. Akihesabu visoda mpe viazi, akisoma "kuku" muulize tukitoa k ya mwanzo tukaweka m inakuwa nini.

Anataka simu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2019 lilisema mtoto wa miaka 3 na 4 asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Kinachosaidia kwangu ni kumaliza habari ya simu kwa saa inayojulikana, na boksi la visoda liwe tayari mezani pale simu inapozimwa, sio uanze kulitafuta huku analia.

Mi nipo kazini, nyumbani yupo dada. Dada anaweza kabisa, ila usimpe hatua zote nane. Jumapili kaa nae, chezeni nae mchezo mmoja tu na mtoto akiwepo, mpe na sababu yake, hususani yale ya usalama ya maji na maharage. Wiki inayofuata mchezo mwingine. Na ukirudi jioni muulize mtoto mbele ya dada, "leo mmehesabu nini?", dada akiona unalijali na yeye atalijali.

Mwenzake wa umri uleule amemzidi. Watoto wa miaka minne wanapishana sana, miezi sita tu ni tofauti kubwa. Mpime na alivyokuwa mwezi uliopita. Lakini kama ana miaka 3 na hajaanza kuunganisha maneno mawili matatu, au ukimuita kwa nyuma hageuki, au alikuwa anaongea akaacha, usisubiri "atakua tu", mpeleke hospitali wamuangalie masikio na maendeleo yake. Mtoto asiyesikia vizuri anaonekana mkaidi, na mara nyingine ni nta tu imejaa masikioni.

Harage halijaota baada ya wiki. Lilikuwa la zamani sana au limezama majini. Likinuka tupa, badilisha pamba, weka mengine matano ya pakiti nyingine.

Unga umekuwa na madoa ya kijani au unanuka. Huo ni ukungu, usijaribu kuukanda upya na chumvi. Tupa wote, osha kopo kwa maji ya moto, tengeneza nusu ya vipimo safari hii: kikombe 1 cha unga, nusu kikombe cha chumvi.